Miaka ya Nyoka wa Mwalimu

Naombeni msamaha kabla hamjafika mbali. Mwandiko wangu unaegemea upande kama ua lililopigwa na upepo, na maneno mengine nitayaandika namna ninavyoyasikia, si namna yanavyotakiwa. Nilisoma shule ya msingi tu, hapa Kolwezi, na ninaandika polepole: mstari mmoja, napumzika, kisha mwingine. Aliyenifundisha kushika kalamu ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake silitaji. Hata wakati ule hatukulitumia. Tulisema Mwalimu tu, na mama zetu walisema Mwalimu, na wanaume waliotoka mgodini na vumbi kwenye nyusi walimsalimu kama raia mwenzao, "Jambo, sitwayeni Mwalimu," naye akagusa kola yake.

Nimemjua miaka mingi, na bado kuna jambo lake sijalielewa. Tena nina swali, nitawauliza mwishoni. Swali lenyewe ni la nyoka.

Mwalimu alivaa abakosti, koti la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, hata mwezi wa kumi joto linapowafanya mbwa walale ndani ya mitaro. Mkononi alikuwa na saa iliyokufa. Ukimwuliza ni saa ngapi, aliitazama vizuri, kisha akatazama jua, kisha akakuambia. Tulimcheka kimyakimya. Aliogopa majogoo. Kweli kabisa: jogoo akikatiza njia, Mwalimu alisimama na kumngoja apite kama anavyongojwa mkubwa. Na mtu huyohuyo alifuga nyoka nyumbani kwake.

Neno lake lilikuwa "Unajuaje?" Ukijibu swali, hata kama jibu ni sawa, alikuuliza unajuaje. Siku moja mwanafunzi mmoja alisema mvua itanyesha.

"Unajuaje?"

"Mguu wa nkambo yangu unauma tangu asubuhi, Mwalimu."

"Hilo ni jibu. Kaa."

Na mvua ikanyesha, kama mguu wa bibi yule ulivyosema. Neno alilolichukia lilikuwa "labda." Ukisema labda, ulibaki umesimama mpaka upate neno lingine. Mimi, ambaye sauti inanikauka mbele ya watu, nilisimama sana. Miguu yangu iliijua sakafu ya darasa lile kuliko kichwa changu kilivyojua hesabu.

Nyoka mwenyewe hakuwa wa kwetu. Alikuwa mwekundu kama vumbi la tofali, mgongoni ana mabaka yenye ukingo mweusi, na tumboni ana vidoa vyeupe na vyeusi kama gunzi la mahindi ya mchanganyiko. Mwalimu alisema anatoka ng'ambo ya bahari, anakaa karibu na ghala na kula panya, na kwao wanamwita nyoka wa mahindi. "Hana sumu," alituambia. "Ana njaa tu." Alikaa ndani ya sanduku la kioo sebuleni, juu yake balbu ndogo inawaka mchana na usiku. Sisi watoto tulimletea panya wa shamba. Mwalimu alimwita mwanafunzi wake asiyekosa shule.

Alisema alipewa na mzungu mmoja, injinia, aliyekuwa anarudi kwao. Wengi walikuwa wanarudi miaka ile. Akisimulia alijicheka: "Niliuliza anakula nini. Niliuliza kama anauma. Kuuliza ana miaka mingapi, nilisahau. Nilipokumbuka, mzungu alikuwa tayari ndani ya motokari." Hapo ndipo aliyekuwa akituuliza unajuaje alipokwama, maana kila aliyemwuliza umri wa nyoka alipata jibu lake. Mchungaji aliambiwa bado mtoto. Baba yangu aliambiwa huenda ni mzee kuliko baiskeli ya Mwalimu. Sisi darasani tuliambiwa tupime.

Tulipima kwa ngozi. Nyoka anapotaka kujivua, macho yanakuwa ya buluu kama maziwa yaliyotiwa maji, hali chakula, hataki kuguswa. Kisha anajisugua kwenye jiwe na kutoka ndani ya ngozi yake, nayo inabaki nyuma, nyepesi, nje ndani. Mwalimu alizibandika ngozi hizo ukutani sebuleni kwa uji wa unga wa mihogo, moja chini ya nyingine. Nyingine alileta shuleni tuzipime kwa rula. Tulipoandika urefu alitukatiza: "Ngozi inadanganya kidogo. Ukivua soksi, inabaki ndefu kuliko mguu." Basi tukapunguza. Tulipunguza kiasi gani? Kila mtu chake. Sijui kama tulijifunza kitu siku ile.

Mke wake alikuwa mtu wa Sandoa. Alikufa kwa homa wakati wa mvua, binti yao Kabedi akiwa bado hajaanza shule. Baadaye Kabedi alikaa nami kwenye dawati moja. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Alijua nguo niliyovaa siku ya kwanza ya shule, alijua hata kifungo gani kilikosekana.

Tulikuwa tunakaribia mwisho wa shule ya msingi mjomba wa Kabedi alipofika kutoka Sandoa, juu ya kamio, lori la mizigo, na gunia la unga wa mihogo kama zawadi. Mtu mfupi, kofia haimtoki kichwani. Hakugombana. Alikula, akalala, na siku ya pili akamwomba mkubwa wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, aite watu. Viti vikatolewa nje, mbele ya nyumba ya Mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye kigoda, chini kuliko wote, kama mkwe anavyokaa mbele ya wakwe.

"Mukwe, mi sikuje kugombana," mjomba akasema. "Nilikuya kubeba mutoto wa dada yangu. Nyumba yenye nyoka haiko nyumba ya kulea mutoto."

"Ni nyoka wa panya tu, mukwe. Mzungu alinipa mke wangu akiwa amekwisha kufa."

"Nyoka wa namna hii muzungu hamupatie muntu. Anatoka mu yai, mu nyumba ya mwenyewe. Anakomaa mulemule, anakula miaka ya bantu ba mule ndani, na mwenyewe anapata feza."

"Feza gani?" mama yangu akanong'ona nyuma. "Mwenye kiatu kimoja kizima?"

Watu walicheka, lakini kidogo. Habari za nyoka wa mali sisi sote tulizijua tangu utotoni. Mkubwa wa avenyu akanyoosha mkono, akaliweka neno wazi ili lieleweke: kama nyoka alizaliwa baada ya kifo cha mama, mjomba anarudi Sandoa peke yake. Kama alizaliwa kabla, Kabedi anakwenda naye. Basi nyoka ana miaka mingapi?

Sanduku likaletwa nje. Kila mtu akawa mjuzi. Tata wa kamio, mzee Mwislamu aliyesafirisha bidhaa mpaka Dilolo na aliyewahi kuona chatu, alisema kichwa kidogo ni cha kijana. Mama mmoja alisema, "Angalia macho, haya ni macho ya muzee." Mwingine alisema mkia ndio unaosema, lakini alipoulizwa unasema nini, akasema yeye aliusikia tu kwa shemeji yake wa Tenke. Nyoka alitoa ulimi, akaurudisha.

"Eko mrefu," mjomba akasema. "Mrefu ni mukubwa."

"Akisha kukomaa anasimama, mukwe," Mwalimu akajibu. "Urefu hauonyeshi tena kitu. Sisi wawili, nani mkubwa?"

Mjomba alimzidi umri, na alimfikia begani tu. Avenyu yote ililipuka kwa kicheko. Mjomba hakucheka. "Mwalimu, unacheka wakwe?" Na Mwalimu akajiona amekosa, akajikunja zaidi juu ya kigoda chake.

Ndipo mjomba akaingia sebuleni, nasi tukamfuata mlangoni. Akaziona ngozi ukutani. "Hizi ni nini?" Akaambiwa. Akavua kofia kwa mara ya kwanza. "Shamba ya mahindi, unavuna mara ngapi mu mwaka?"

"Mara moja, tata," watu wakajibu.

"Basi ngozi moja, mwaka moja." Akaanza kugusa ngozi ya juu kwa kofia, akashuka moja moja, akihesabu kwa sauti. Akapita mwaka wa kifo cha dada yake, akapita kuzaliwa kwa Kabedi, akapita harusi, na ngozi zilikuwa bado hazijaisha. Hakuna aliyecheka tena. Sisi sote tulipanda mahindi mara moja kwa mwaka, na jambo lile lilionekana kama kweli. Hata mimi, niliyezipima ngozi zile kwa rula, niliona kama kweli.

"Anavua mara nyingi kwa mwaka mmoja," Mwalimu akasema.

Kutoka nyuma, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani akaita: "Unajuaje, Mwalimu?"

Sitasahau uso wa Mwalimu. "Nimeona," akasema.

"Nani aliona pamoja nawe?" sauti ileile ikauliza.

Wote wakamgeukia Kabedi. Mjomba akainama mbele yake na kumwuliza kwa upole: "Mama yako alimuona nyoka huyu?"

Kabedi akamtazama baba yake. Kisha akatazama chini. "Sikumbuki."

Nilishangaa. Kabedi, hakumbuki?

Mkubwa wa avenyu akaamua hivi. Nyoka atakaa nyumba nyingine mpaka mvua ya kwanza. Akijivua mara mbili kabla ya mvua hiyo, hesabu ya mjomba imeanguka. Akijivua mara moja, au asijivue, imesimama. Mwalimu haruhusiwi kumkaribia, watu wasije wakasema ametia dawa. Nyumba iliyochaguliwa ilikuwa yetu, kwa sababu baba yangu hakukunja mikono haraka kama wengine, na sanduku likaingia chumba cha makaa, kisicho na umeme. Mama alitangaza kwamba hataingia chumba cha makaa tena maishani mwake, na kuanzia siku ile mkaa nilichota mimi.

Mjomba akabaki Kolwezi kungoja. Alikaa wapi? Kwa Mwalimu. Mkwe hamfukuzi mkwe. Kipupwe kizima walikula bukari moja, ugali wa sahani moja, mshtaki na mshtakiwa, na jioni tuliwasikia wakibishana kama sombe, mboga ya majani ya mihogo, inahitaji chumvi zaidi. Nyoka alijivua mara moja, mwanzoni kabisa, na mjomba mwenyewe alikuja kuitazama ngozi, akakubali: moja. Baada ya hapo nyoka alijiviringisha pembeni, akakataa kula. Watoto waliendelea kuleta panya. Mjomba akawaona wanarundikana.

"Panya mazuri vile, kwa nyoka asiyekula?" akasema. "Kwetu hii ni mboga ya wakwe." Akawachukua, akawachoma, na Mwalimu, ambaye nilidhani hawezi kula panya, alikula.

Mvua ya kwanza ilikuja mapema. Ngozi ya pili haikuwa imekuja. Tata wa kamio akapakia magunia, na juu ya magunia mjomba, na kando yake Kabedi na furushi lake la nguo. Mwalimu alisimama barabarani, vifungo vyote vimefungwa, anatazama saa yake iliyokufa. Kabedi aliniinamia kutoka juu.

"Kwenu kuna baridi," aliniambia sikioni. "Mumuweke pembeni ya mbabula."

Kamio ikaondoka. Nililiweka sanduku karibu na mbabula, pale jioni tunapowasha mkaa. Nyoka alikula. Macho yake yakawa ya buluu. Na kabla matope ya mvua ile ya kwanza hayajakauka vizuri, ngozi ya pili ilikuwa imelala juu ya jiwe.

Nilikimbia nayo kwa Mwalimu, mimi nisiyekimbia mbele za watu. Niliingia bila kubisha. "Mwalimu! Mara mbili! Amevua mara mbili! Twende Sandoa!" Aliichukua, akaipitisha vidoleni, akainyoosha mezani. Hakuibandika ukutani. "Asante, binti," akasema, na akarudi kusahihisha madaftari. Hakwenda Sandoa. Hakumwita mkubwa wa avenyu. Alikuja tu kumchukua nyoka wake, akamrudisha chini ya balbu.

Mimi sikuelewa. Mama alisema ana aibu. Baba alisema ameona binti atalelewa vizuri na wanawake wa kule. Wengine walisema, unaona, kumbe alitaka abaki na nyoka wake. Niliyaamini yote kwa zamu. Mwalimu aliendelea kufundisha, akaendelea kuogopa majogoo, na mtu aliposema labda aliendelea kumsimamisha.

Ilipita misimu. Nilikuwa nimekwisha kuacha shule, nauza maandazi na mama, alasiri moja Mwalimu alipofika kwetu akisukuma baiskeli. Nyuma, kwenye keria, alikuwa amefunga sanduku la kioo kwa kamba za mpira.

"Binti, bado unaogopa kusema mbele ya watu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi leo nitasema mimi." Akaketi kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifungua kifungo cha juu. "Mzungu alitupa nyoka huyu mke wangu akiwa mzima. Alikuwa mwembamba kama kalamu. Mke wangu ndiye aliyemlisha panya wa kwanza, kwa mkono wake. Mimi niliogopa."

Nilisema, "Lakini watu uliwaambia..."

"Niliwaambia uongo. Homa ndiyo iliyomuua. Hospitali walituambia hivyo. Lakini kama ningetamka kwamba nyoka alikuwemo nyumbani, nani angesikiliza neno la pili?"

"Na Kabedi alijua."

"Kabedi alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake panya yule alipoliwa."

Nikakumbuka baridi ya chumba chetu cha makaa. Nikamwuliza.

"Nilijua," akasema. "Bila joto havui. Kila siku nilipita mbele ya mlango wenu nikitaka kusema, mwekeni karibu na mbabula."

"Kwa nini hukusema, Mwalimu?"

"Ngozi ya pili ingesema kweli juu ya mahindi ya mukwe. Watu wangedhani imesema kweli juu yangu pia. Nilikula na yule mtu kila siku. Alimlilia dada yake kila alipoona sufuria zake."

Kisha nikauliza lile lililonisumbua miaka yote: "Kwa hiyo ulitaka Kabedi aende?"

Mwalimu aliinua mkono wenye saa. Alitazama saa, alitazama jua. "Labda," akasema.

Sikumsimamisha. Alikuwa amekwisha kusimama mwenyewe, anafungua kamba za sanduku. Alisema anakwenda Sandoa na Tata wa kamio kesho yake, kuwaambia wakwe kama alivyoniambia, na nyoka atabaki kwangu. Nilimwuliza miaka yake, angalau sasa. Akacheka kidogo. "Hapo sikudanganya. Kweli sikumwuliza mzungu."

Habari za Sandoa nilizipata kwa Tata wa kamio, ambaye hasahau maneno ya watu, hata njo yao badala ya ndiye. Mwalimu alieleza yote uani, amekaa chini. Mjomba aliacha chakula chake kikapoa. Kisha akauliza:

"Dada yangu alimulisha na mukono?"

"Na mukono."

"Hakuogopa?"

"Hakuogopa. Mi njo niliogopa."

Mjomba akavua kofia, akaiweka gotini, akacheka huku machozi yanashuka. "Njo yeye," akasema. "Njo dada yangu huyo."

Mwalimu hakurudi Kolwezi. Anafundisha kulekule, na Kabedi anakaa kwa baba yake na anakula kwa mjomba wake, au ni kinyume, Tata wa kamio hana uhakika. Lakini ujumbe wa Kabedi aliushika vizuri: nisimpe mtu yeyote nyoka yule. Akimaliza masomo atakuja kumchukua mwenyewe, kwa sababu hakuna kitu kingine kilicho hai ambacho mkono wa mama yake ulikilisha, isipokuwa yeye.

Masomo ya Kabedi bado ni marefu. Nyoka yuko hapa karibu nami ninapoandika, pembeni ya mbabula. Rangi yake imefifia, au ni macho yangu. Anakula, lakini si kila mara. Haongezeki urefu. Siwezi kujua kama ni kijana aliyetulia au mzee anayeaga, na sitaki Kabedi afike akute sanduku tupu.

Kwa hiyo ninyi mliosoma mpaka hapa na kuvumilia herufi zangu, kama yuko anayejua namna ya kutambua umri wa nyoka wa mahindi aliyekwisha kukomaa, na kama anaweza kungoja miaka mingine, naomba aniandikie. Hata akiwa anajua kidogo tu. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika. Na tafadhali, mkinijibu, semeni pia mnajuaje.